Dagaa Hawaanikwi Kesho

Mjukuu wangu, Jumapili ulipokuja kunisalimia ulikuwa na daftari jipya kwapani, lile la jalada gumu lenye utepe mwekundu. Ulinionyesha kwa furaha ya mtu aliyetoka mnadani na mbuzi mwenye mimba. Nililipapasa, nikalisifu, nikanyamaza. Mwaka juzi ulinionyesha la bluu, na mwaka jana lile lenye picha ya twiga. La bluu, ambalo ulilisahau hapa kwangu juu ya kabati la vyombo, lina kurasa nne zilizoandikwa. La twiga lina jina lako na tarehe 1 Januari, kwa mwandiko mzuri kweli.

Unasema nafasi haipatikani. Nakuamini, mume wangu. Duka la simu unafungua saa moja asubuhi, daladala za Igoma zinakwama njiani, mtoto anakohoa usiku, na Jumamosi kuna kikoba. Nani atakulaumu? Mimi nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, nimekaa na walimu, watu wa kalamu kabisa, na kila likizo nimewasikia wakisema safari hii wataandika mambo ya maisha yao. Mmoja alisema ataanza akistaafu. Alipostaafu akasema aezeke nyumba kwanza, kisha atulie. Nyumba iliezekwa, bati nzuri za rangi ya udongo. Siku tulipokuwa tunajiandaa kumzika, mwanawe alinijia na karatasi mkononi, macho yamevimba, akaniuliza baba yake alianza kazi mwaka gani na katika shule ipi, maana kanisani itasomwa historia ya marehemu. Nikakisia. Mwingine akakisia. Ikasomwa historia ya makisio matupu, na mwenyewe kalala pale mbele, asiweze kuinuka kuturekebisha.

Misiba ya namna hiyo nimeihudhuria mingi. Siku hazigandi, na anayengoja nafasi husubiri mpaka inapomjia ile ambayo hawezi tena kuandikia.

Hebu shuka nami Mwaloni, Kirumba, alfajiri mitumbwi inapoingia. Wewe unawala dagaa, lakini sijui kama umewahi kutazama kazi yao. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka ziwa zima ni jeupe na dagaa hawana haja ya kuifuata taa. Wakishushwa, wanaanikwa asubuhi ile ile. Hakuna mwanamke pale anayesema ngoja kwanza nipumzike, nitaanika kesho. Kesho ataanika harufu.

Siku ya mtu haina tofauti na ndoo ya dagaa. Usiku huu unakumbuka mteja aliyekuchekesha alisema nini, kwa maneno yake na sauti yake. Keshokutwa utakumbuka tu kwamba ulicheka. Mwaka ujao hutakumbuka kama alikuja.

Pale Mwaloni kuna mama mmoja niliyemfundisha darasa la tatu. Alikuwa mzito wa hesabu, lakini sasa ananishinda. Ana kaunta buku iliyofungwa kalamu kwa uzi wa nyavu, na kurasa zake zimejaa magamba madogo yanayometa ukizigeuza juani. Alianza kuandika kwa ajili ya madeni, si unajua, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku moja nilikaa karibu yake nikingoja kupimiwa, nikamwomba nisome. Ilikuwa imeandikwa ndoo kumi na nne, nusu imelipwa, upepo mkali, mitumbwi imechelewa. Chini yake, kwa kalamu ile ile: mdogo kaota jino la chini. Mstari unaofuata ni bei ya gunia.

Nilimuuliza kwa nini jino limeingia kwenye madeni. Akasema, mwalimu, kalamu ilikuwa mkononi. Anafanya hivyo mwaka wa kumi na moja sasa. Mtoto yule alipotimiza miaka kumi alisomewa siku ya jino lake pamoja na bei ya dagaa ya siku hiyo, na nasikia aliomba asomewe mara ya pili.

Wewe unataka uwe na meza, taa nzuri, nyumba nzima imelala, na jambo kubwa la kuandika. Mama huyu ana kalamu iliyofungwa uzi. Ukiteleka maji ya ugali, mpaka yachemke una dakika kumi ambazo sasa hivi unazitumia kutazama picha za watu usiowajua wakicheza. Mistari mitatu inaingia humo na maji hayajatoa povu. Na utaruka siku, hilo nalijua, kila mtu huruka. Ukiruka wiki, usirudi kulipa. Hapo ndipo wengi wanapoangukia: wanakaa chini kuandika siku saba kwa mpigo, wanachoka siku ya tatu, wanaona aibu, daftari linaenda juu ya kabati. Siku zilizopita zisamehe kama chumvi aliyokopa jirani. Andika ya leo.

Utaniambia mambo yako yote yamo kwenye simu. Wewe unaziuza simu na kuzitengeneza, unajua kuliko mimi ni ngapi zinaletwa kwako zikiwa zimelowa maji ya ziwa, na wenyewe wanalia si kwa ajili ya simu. Hata isipolowa, picha itakuonyesha sahani, haitakwambia nani alikataa kula.

Tukiwa watoto tulikula furu. Wewe humjui. Samaki mdogo, wa rangi nyingi, alijaa ziwa hili hata hatukumwona kuwa kitu. Mama yangu alikuwa na namna yake ya kumkausha na kumpika, na bibi yangu namna nyingine, nao walibishana jikoni juu ya hilo. Kisha sangara akazagaa miaka ya 1980, akala furu aina kwa aina, na wataalamu wanasema aina zipatazo 200 huenda zimepotea kabisa. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa wamefika Mwanza tangu 1977, wakawa wanawavua furu kwenye ghuba yetu hii na kumwandika kila mmoja, rangi, meno, anakula nini. Kwa hiyo meno ya furu yanajulikana. Mchuzi wa mama yangu haujulikani. Sisi tuliokuwa na sufuria mbele yetu hatukuandika, kwa sababu nani aandike habari ya furu?

Aliyeuliza swali hilo akajijibu vizuri alikuwa ng'ambo hapo, Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alimaliza mwaka 1945 kitabu kirefu kwa Kikerewe kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka. Humo mtu anakwenda kumkomboa mke wake kwa wakwe kwa mitungi ya pombe ya ndizi, watu wanalima, wanavua, wanauguzana, na wanasalimiana kwa kirefu kama walivyosalimiana kweli. Mambo ya kila siku, ambayo majirani zake waliyaona hayafai hata kusimuliwa. Hakupata wa kukichapa kwa lugha ya watu wachache hivyo. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka 1980, Tanzania Publishing House. Miaka thelathini na mitano ya kungoja. Akafariki 1981 bila kukishika mkononi. Kila nikilifikiria hilo moyo unauma, lakini leo Mkerewe akitaka kujua babu zake waliamkianaje, pa kutazama papo.

Sikwambii uandike kama yeye. Nakwambia maji ya ugali yanachemka kila jioni.

Ulipoondoka Jumapili nilipanda kigoda nikalishusha lile la bluu, nikalifuta vumbi. Nisamehe, nimesoma kurasa zote nne. Katika ya tatu umeandika kwamba babu yako alikataa kula sato bila ndimu, akakutuma kwa jirani saa tatu usiku, ukarudi na limau, akala huku ananung'unika kwamba wajukuu wa siku hizi hawajui matunda. Mwezi uliofuata tulimzika. Hilo la ndimu nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilitoka na daftari kibarazani, nikakaa nalo mapajani mpaka taa za mitumbwi zikaanza kuonekana ziwani.