Somo la 8: Sheria Inapobadilishwa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Danieli 6:1-23, Mathayo 22:15-22, Mathayo 7:12, Matendo 5:27-32, Matendo 25:8-12, Wagalatia 5:13, 14.

Fungu la kukariri: Matendo 5:29

Katiba ni sheria mama ya nchi. Huandikwa na wanadamu, na wanadamu hao hao huweza kuirekebisha. Rekebisho moja laweza kumfungulia raia mlango wa kuabudu kwa uhuru. Jingine laweza kuufunga. Petro na mitume walipowekwa mbele ya baraza, walijibu kwamba Mungu anastahili kutiiwa kuliko wanadamu. Jibu hilo halikuwafanya waasi. Liliwafanya mashahidi. Juma hili darasa litatazama nyakati ambazo sheria iliguswa, na mtu wa kawaida akajikuta amesimama kati ya amri ya serikali na dhamiri yake.

JUMAPILI: Amri ya Siku Thelathini

*Soma Danieli 6:4-16. Maadui wa Danieli walitumia njia gani kumnasa?*

Mawaziri na maamiri walitafuta kosa katika kazi ya Danieli wasilipate. Ndipo walipoigeukia sheria. Hawakumwomba mfalme amwue Danieli. Waliomba amri mpya, ya siku thelathini tu, isiyomtaja mtu yeyote kwa jina. Kwa mtu wa nje, ilionekana kuwa amri ya kuonyesha utii kwa mfalme. Dario alipotia sahihi, hakujua kwamba amemhukumu mtumishi wake mwaminifu. Alipotambua, alihangaika mpaka jua likachwa ili amwokoe (fungu la 14), lakini sheria ya Wamedi na Waajemi haikugeuzwa.

Hapa mna mafunzo mawili. Sheria inaweza kumwonea mtu bila kumtaja. Tena, sheria ya wanadamu isiyogeuka haiwi ya haki kwa sababu tu haigeuki. Sheria ya Bwana peke yake ni kamilifu (Zaburi 19:7), kwa hiyo haihitaji marekebisho.

JUMATATU: Ya Kaisari na ya Mungu

*Soma Mathayo 22:15-22. Yesu aliweka mpaka gani kati ya dola na ibada?*

Mwaka 1791 Marekani iliongeza katika Katiba yake marekebisho kumi ya kwanza. La kwanza kati ya hayo lilizuia Bunge la nchi hiyo kutunga sheria ya kuanzisha dini au kuwakataza watu kuabudu. Karibu miaka mia moja baadaye, mwezi Mei 1888, Seneta Henry W. Blair alileta miswada miwili. Mmoja ulikuwa wa kuilinda Jumapili kwa sheria. Wa pili ulikuwa wa kurekebisha Katiba ili kila jimbo liwe na shule za umma zinazofundisha, pamoja na masomo ya kawaida, kanuni za dini ya Kikristo.

Wakristo wengi waliona hilo kuwa jambo jema. Ni mzazi gani asiyetaka mtoto wake afundishwe maadili? Lakini swali lilibaki: ni nani angeamua zipi ndizo kanuni za Kikristo? Serikali ikipewa kazi hiyo, Kaisari anapewa kilicho cha Mungu, hata kama Kaisari mwenyewe ni mshiriki wa kanisa.

JUMANNE: Msamaha Uliokataliwa

*Soma Mathayo 7:12. Kanuni hii inahusuje uhuru wa watu wa imani nyingine?*

Tarehe 13 Desemba 1888, mhubiri Mwadventista Alonzo T. Jones alisimama mbele ya kamati ya Seneti kuupinga mswada wa Jumapili. Katika mazungumzo hayo likaja suala la kuweka kifungu cha msamaha kwa watu wanaotunza siku ya saba. Kwa kanisa dogo, hiyo ingeweza kuonekana kuwa njia rahisi ya kutoka. Jones hakuikubali. Alieleza kwamba hawakuja kujitafutia nafuu wao wenyewe. Kosa lilikuwa katika sheria yenyewe, na msamaha usingeliondoa. Alitetea pia haki ya mtu asiyeamini kabisa kwamba yuko Mungu.

Msimamo huo una gharama. Ni rahisi kupiga kelele kiatu kinapombana mwenyewe, na kunyamaza kinapombana jirani. Miswada yote miwili ya Blair haikupita. Mwaka 1889 Waadventista waliunda chama cha kutetea uhuru wa dini.

JUMATANO: Mkulima wa Tennessee

*Soma Matendo 25:8-12. Kwa nini Paulo alikata rufani kwa Kaisari?*

R. M. King alikuwa mkulima Mwadventista katika jimbo la Tennessee. Alitunza Sabato, na Jumapili akaenda shambani kulima. Alishitakiwa kuwa kero kwa umma na kutozwa faini ya dola 75. Rufani yake iliegemea Rekebisho la 14 la mwaka 1868, linaloyakataza majimbo kumnyang'anya mtu uhuru wake pasipo kufuata haki ya kisheria. Mwaka 1891 mahakama ya shirikisho ilimkatalia. Rufani ya kwenda Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa njiani alipofariki mwezi Novemba mwaka huo huo. King hakuiona haki yake.

Mwaka 1940, Mahakama Kuu iliamua kwamba uhuru wa kuabudu unayabana majimbo pia. Kesi hiyo ilikuwa ya Mashahidi wa Yehova. Mwaka 1963, Adeil Sherbert, Mwadventista wa Carolina Kusini aliyefukuzwa kazi kiwandani kwa kukataa kufanya kazi siku ya Sabato, kisha akanyimwa malipo ya wasio na ajira, alishinda kesi yake mbele ya mahakama hiyo hiyo. Uamuzi wa 1940 ulikuwa umemtengenezea njia. Mwadventista alivuka kwa daraja lililojengwa na watu ambao hakubaliani nao kimafundisho.

ALHAMISI: Haki Iliyoandikwa na Haki Inayoishi

*Soma Wagalatia 5:13, 14. Uhuru umetolewa kwa kusudi gani?*

Nchini Tanzania, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa Marekebisho ya Tano ya mwaka 1984, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini. Hata hivyo raia alisubiri hadi Machi 1988 ndipo aweze kudai haki hizo mahakamani. Nchini Kenya, Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa kazi au elimu kwa sababu ya imani yake. Kuibadilisha Sheria ya Haki katika Katiba hiyo kunahitaji kura ya maoni ya wananchi.

Hata hivyo, mwanafunzi bado anaweza kupangiwa mtihani siku ya Sabato, na mfanyakazi akapangiwa zamu. Haki iliyoandikwa hailindwi na wino pekee. Inahitaji mwamini anayeifahamu, anayeandika barua kwa heshima na mapema, anayefanya kazi kwa uaminifu siku nyingine kama Danieli, na aliye tayari kupata hasara ikibidi. Danieli hakuanzisha ghasia, wala hakufunga dirisha lake.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Kama Bunge lingependekeza sheria inayolipendelea kanisa lenu na kuwabana waumini wa dini nyingine, darasa lenu lingesema nini? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

2. Paulo alitumia haki yake ya uraia. Yesu alinyamaza mbele ya Herode (Luka 23:9). Mwamini atajuaje wakati wa kudai na wakati wa kunyamaza?

3. King alifariki kabla ya kuona haki. Someni Waebrania 11:39, 40. Mngemwambia nini kijana aliyepoteza nafasi ya chuo kwa ajili ya Sabato, na bado hajaona mlango mwingine ukifunguka? Kanisa mahalia linaweza kumsaidia namna gani juma hili?