Solomoni Aliuliza Nini?



Ndoa inapovunjika, mara nyingi ugomvi mkali si wa shamba wala wa ng'ombe, bali ni wa watoto. Wakifika mahakamani, kila mmoja hutafuta doa la mwenzake. Leo tutafakari doa moja ambalo limewapofusha hata majaji: mzazi kujulikana kwamba anapenda mtu wa jinsia yake.

Huko Chile, nchi yenye Wakatoliki wengi, Karen Atala, mama aliyekuwa jaji, alitengana na mumewe mwaka wa 2002. Walipatana kwamba mabinti wao watatu wakae na mama. Baadaye mwaka huo, mama akaanza kuishi na mwanamke mwenzake. Baba akaenda kushtaki. Mahakama mbili za chini zilikataa kumnyima mama ulezi. Lakini tarehe 31 Mei 2004, Mahakama ya Juu iliwapa baba watoto, majaji watatu dhidi ya wawili. Walihofu kwamba mabinti wangechanganyikiwa na kubaguliwa na watu. Wala mahakama hiyo haikuwasikiliza watoto wenyewe.

Mwaka wa 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba Chile ilikosa. Hofu si ushahidi. Hakuna aliyeonyesha kwamba watoto walidhurika. Lakini karibu miaka minane ilikuwa imepita, na utoto haurudi.

Mtauliza: Je, Kanisa limebadili mafundisho? La. Ndoa ni ya mume na mke. Lakini Katekisimu, namba 2358, inatufundisha kuwapokea watu hawa kwa heshima na huruma, na kuepuka kuwabagua bila haki.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Wale wanawake wawili waliogombea mtoto walikuwa makahaba. Sisemi kwamba watu ninaowazungumzia ni makahaba. Nasema tazameni alivyofanya Solomoni. Hakuwauliza habari za mwenendo wao. Hakumchukua mtoto ampe mtu mwenye sifa njema kijijini. Alitafuta jambo moja tu: ni nani anayempenda mtoto huyu kiasi cha kukubali kumkosa, mradi aishi? Naye akampata mama wa kweli palepale, kati ya wanawake ambao watu waliwadharau.

Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 53, yasema masilahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Haisemi chuki ya majirani itangulie.

Basi, wapendwa, tufanyeje?

Kwanza, mtoto si fimbo ya kumpigia mwenzako. Ukimwombea ulezi, jiulize mbele ya Mungu: ninamtaka mtoto, au ninataka kumwadhibu mama yake?

Pili, ukiitwa kutoa ushahidi, kumbuka Amri ya Nane. Sema uliyoyaona: nani aliyemwandaa mtoto kwenda shule, nani aliyempeleka zahanati usiku, kama alipigwa au alilala njaa. Minong'ono ya kisimani si ushahidi, hata kama mzazi anayeshtakiwa ni dada yako ambaye ukoo mzima unamwonea aibu.

Tatu, msimfundishe mtoto kumchukia mzazi wake. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuweka sharti kwamba wawe watakatifu kwanza. Binti akimlilia mama yake usiku, halii kwa sababu ya dhambi wala wema wa mama. Analia kwa sababu huyo ndiye mama yake.

Jioni hii, mkisali Rozari nyumbani, tajeni fumbo moja kwa ajili ya watoto waliotenganishwa na wazazi wao, na jingine kwa ajili ya mahakimu, ili Mungu awape moyo ule aliomwomba Solomoni.

Mungu azibariki ndoa zenu.