Ukikanyaga, Inashika?

Karakana yangu haina mlango. Ni miti minne, maturubai mawili na benchi la mbao, kando ya barabara ya vumbi hapa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Mtu akitaka kunisema ananisema palepale, mbele ya wateja. Ndivyo alivyofanya Mzee mmoja wa kanisani kwetu, mwishoni mwa Januari 2025. Alisimama na fimbo yake, akawatazama vijana waliokuwa wanapanda baiskeli ya gurudumu moja niliyowatengenezea, kisha akaniuliza: "Fundi, Goma inaungua, na wewe uko unafundisha watoto kuserereka?"

Sikuwa na jibu. Nilifanya jambo ambalo nitalieleza, na lilikuwa jambo baya. Lakini swali la Mzee ni swali la kweli, na naamini wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mmejiuliza usiku mkiwa mmelala macho. Mtu ambaye kwao kunaungua, je, ana haki ya kupumzika na uchungu, hata nusu saa? Au kila tunapocheka huku, tunawaacha wa kule?

Nianze na baiskeli yenyewe, maana bila kuielewa maneno yangu hayatasimama.

Vijana walikuwa wameona kwenye simu watu wa sarakasi wakipanda gurudumu moja. Wakaja: "Papa, ututengenezee." Nilikuwa na baiskeli ya mtoto iliyovunjika fremu, gurudumu la inchi 20. Nikaikata, nikasimamisha uma wa nyuma wima. Gurudumu likabaki chini, pedeli zikaja juu ya gurudumu, siti juu kabisa, cheni ikashuka wima kutoka kwenye pedeli hadi kwenye habu. Niliweka meno 18 juu na meno 18 chini, ili mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo lizunguke mara moja. Ukiongeza meno ya juu linapata mbio, lakini halitawaliki.

Kosa nililofanya bila kujua ni kuacha friwili. Gurudumu la kawaida la sarakasi halina friwili. Pedeli na gurudumu ni kitu kimoja: ukikanyaga mbele linakwenda mbele, ukisukuma nyuma linarudi nyuma, ukikaza miguu linasimama. Miguu ndiyo mota, miguu ndiyo breki. Langu lilikuwa na friwili ileile ya baiskeli ya mtoto, ile inayolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga. Kijana wa kwanza alipanda akishika ukuta. Alipoanza kuanguka kwa nyuma akasukuma pedeli kurudi nyuma, kama alivyoona kwenye simu. Pedeli zikazunguka bure, na yeye akakaa chini puu.

"Papa, hii kitu haishike nyuma!"

Basi nikafunga breki, mkono wake nikauweka chini ya siti. Hapo kazi ikagawanyika. Ukianza kuanguka mbele, unakanyaga, gurudumu linakimbia kuja chini yako. Ukianza kuanguka nyuma, unabana breki kidogo, gurudumu linapunguza mwendo, mwili unakuja mbele. Kati ya hayo mawili unaserereka. Miguu imetulia, gurudumu linakwenda lenyewe, na wewe unacheza na uzito wako tu.

Kati ya vijana sita, aliyeweza ni mmoja. Ana miaka 17, alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Ilimchukua miezi miwili kushuka kile kiteremko cha mbele ya karakana, kama mita 40 hivi, bila kukanyaga hata mara moja. Siku alipofaulu alishuka akicheka kwa sauti. Tumekuwa majirani miaka mingi, na sikuwahi kumsikia akicheka namna ile.

Halafu ikaja tarehe 27 Januari. M23 wakaingia Goma. Mimi ni mtu wa Kibumba, nilivuka Bunagana mwaka 2012 wakati wa vita vyao vya kwanza, kwa hiyo habari ile haikunikuta mgeni. Lakini dada yangu anakaa Goma, mtaa wa Ndosho. Simu yake haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika, maji yamekatika. Kila mtu hapa alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa. Siku ya tatu ndipo Mzee akaja na swali lake.

Jioni ile nilibeba gurudumu hadi kwa jamaa mwenye mashine ya kuchomelea. Akaichomelea friwili sehemu nne, ikawa kitu kimoja na habu. Kisha nikatoa na breki. Nilijiambia kwamba gurudumu lisilo na friwili halihitaji breki, miguu inatosha. Tena breki ile ilikuwa na mteja, nisifiche hilo. Lakini sababu kubwa haikuwa ufundi wala pesa. Nilikuwa silali, na niliona si haki mtu mwingine aserereke wakati mimi silali. Nililipa jambo hilo jina zuri. Nikaliita heshima kwa wafu.

Kijana nilimwambia: "Sasa iko kama ile ya sarakasi kabisa." Hakuuliza kitu. Kwenye tambarare aliimudu kwa siku mbili. Siku ya tatu akaelekea kiteremko chake. Gurudumu likashika mbio, pedeli nazo zikashika mbio, miguu ikashindwa kuzifuata. Alipojaribu kukaza miguu ili lisimame, pedeli ikamnyanyua ikamrusha. Akavunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja.

Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Fundi, kwani hii kitu ilikuwa inamushinda?"

Nikamjibu: "Hapana, mama. Ni mimi niliibadilisha."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri, na nimeona nilikosea mambo mawili.

La kwanza ni kuhusu uchungu wenyewe. Nilidhani anayekanyaga bila kupumzika ndiye mwaminifu, na anayeserereka ni mtoro. Lakini kwenye kiteremko gurudumu halipati mbio kutoka kwa miguu yako, linazipata kutoka kwa mlima. Januari ile ilikuwa kiteremko. Habari mbaya zilikuja zenyewe, usiku na mchana, bila sisi kuzisukuma. Uchungu wetu haukuhitaji mtu wa kuukanyagia. Ukimfunga mtu miguu kwenye kitu chenye mbio hizo, ukamwambia usiache hata kidogo, humfanyi mwaminifu. Atarushwa.

Baba yangu angenicheka, maana yeye alikuwa mtu wa chukudu. Wasomaji wa Goma wanaijua, na wasioijua niwaambie: ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, hakina cheni wala pedeli. Pale Goma wameijengea hadi sanamu. Baba alishuka nayo kutoka Kibumba hadi mjini, zaidi ya kilomita 20, imebeba viazi na kabeji. Kupanda ni kusukuma kwa jasho, kushuka ni kuserereka tu. Hakuna aliyemwita mvivu kwa sababu anaserereka. Watu walimtazama kitu kimoja: kile kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma, anachokikanyaga ili kupunguza mwendo. Kila asubuhi alikikagua kabla ya kufunga mzigo. Na mimi, mtoto wake, nilitoa breki nikaiuza.

Siku ya tisa dada yangu alipatikana. Nilimwuliza walikaaje ndani siku zile risasi zilipokuwa zinalia. Akaniambia walilala chini ya vitanda, waligawana maji kwa kikombe, na usiku mmoja walicheza karata hadi mishumaa ikaisha. "Tulicheka sana, kaka. Mtoto wa jirani alikuwa anatuiba karata." Nilinyamaza. Mimi huku nilikuwa nimeharamisha kicheko kwa heshima yake, na yeye kule, katikati ya moto wenyewe, alikuwa anacheka ili kupambazuke. Nilikuwa namwekea matanga mtu anayecheza karata.

La pili ni hili. Friwili niliyoichomelea haikuwa yangu. Nikitaka kujinyima usingizi, chakula, muziki, hiyo ni saumu yangu na Mungu wangu. Saumu haifungwi kwa mdomo wa mwingine. Kijana yule baba yake aliuawa kabla hajajua kutamka jina lake. Uchungu wake ni mkubwa kuliko wangu, ila haupigi kelele. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi niliona kicheko nikadhani kapoa, nikajipa kazi ya kumkumbusha.

Je, basi, Mzee alikosea? Hapana, si kabisa, na ningekuwa mwongo kama ningemalizia hapo. Kuna kitu Mzee anakijua, na fundi yeyote wa baiskeli anakijua pia.

Friwili ina ugonjwa wake. Ukiifungua (kifuniko chake kinafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati nyingi, wengi wanakikaza wakidhani wanakifungua) utakuta gololi ndogo nyingi, na chini yake vilimi viwili vyenye springi nyembamba kama unywele. Ukiacha kukanyaga, vilimi vinaruka juu ya meno: tik-tik-tik. Ukikanyaga tena, vinainuka na kushika. Sasa wapo wanaojaza grisi nzito mle ndani wakidhani wanaitunza. Grisi inachanganyika na vumbi, inaganda, vilimi vinalala na haviinuki tena. Mtu kama huyo akiserereka, huwezi kuona tofauti. Anakwenda vizuri tu, tena kimya, hata ile tik-tik haipo. Utaona tofauti atakapofika mlimani. Anakanyaga, pedeli zinazunguka, gurudumu halina habari.

Namjua mtu wa namna hiyo. Tulivuka mpaka pamoja. Aliacha kupokea simu za nyumbani, akasema ni kwa wiki moja tu, apumzishe kichwa. Nilimwelewa, kila simu ilikuwa msiba au ombi la pesa. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Mama yake alipofariki, yeye alijua baada ya maziko. Alikuja hapa karakanani akakaa kwenye benchi kutwa nzima, akaniambia, "Niko natafuta machozi, sipate." Huyo hakufanya dhambi ya kupumzika. Ila alipumzika hadi vilimi vikalala.

Naamini hicho ndicho Mzee alichokiogopa alipowaona vijana wakicheka. Aliogopa kizazi ambacho Kongo ikiita hakitashika. Hofu yake ni ya haki, ila dawa yake, ambayo mimi niliitekeleza kwa moto wa mashine, si dawa. Friwili iliyokwama haichomelewi. Inafunguliwa, inaoshwa kwa mafuta ya taa, inakaushwa, inatiwa oili nyepesi. Kazi hiyo inarudiwa kila baada ya muda, hasa wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo siku hizi siulizi tena kama mtu ana haki ya kupumzika. Naona hilo halina ubishi, hata walio chini ya risasi wanapumzika. Ninachojiuliza ni kama nikikanyaga, inashika? Dada yangu akipiga simu usiku, naamka? Mchango wa msiba ukipitishwa, mkono wangu unaingia mfukoni? Nikitaja majina ya waliokufa Kibumba, kuna kitu kinachoinuka ndani yangu, au maneno yanazunguka bure? Kama inashika, niacheni niserereke hadi chini ya kiteremko, sijamwacha mtu. Kama haishiki, hata nikae na uso wa matanga mwaka mzima, hiyo ni sura tu.

Friwili iliyochomelewa haiponi, ilibidi nitafute nyingine. Nilinunua na breki mpya, mpira wake mzuri. Kijana alipotolewa plasta nilimwita, nikamwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomdanganya. Alisema, "Haina neno, Papa," lakini aligeuza gurudumu mwenyewe, akasikiliza ile tik-tik, akabana breki mara tatu. Nilifurahi kwamba haniamini bure.

Mzee alipita wiki iliyofuata. Nilimweleza yote, hata habari ya breki niliyoiuza. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani ataniambia habari za dhambi. Akaniuliza: "Dada yako yuko salama?"

"Yuko salama, Mzee."

"Na hiyo breki mpya, umeijaribu?"

Nikasema nimeijaribu. Akavuta benchi, akakaa, akalaza fimbo magotini, akatazama kiteremko. Kijana siku hiyo hakushuka. Hadi leo bado hajashuka, anazunguka kwenye tambarare tu, anasema mkono unamkumbusha. Sitamsukuma, na sitamzuia.