Begi Lililozunguka Tokyo

Gari langu ni Toyota IST, lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo magari mengi ya Dar es Salaam. Kila asubuhi nikiliwasha, sauti ya mwanamke husema maneno machache ya Kijapani, kwa upole na adabu. Kwa miaka sita watoto wangu walikuwa wakimwitikia "Marahaba!" na sisi wazazi tukicheka. Niliamini ni salamu. Mtu asemaye kwa upole namna ile, asubuhi, atakuwa anasema nini tena?

Mwaka jana nilikwenda Tokyo kwa siku tisa. Mwenyeji wangu ni mwalimu wa hisabati aliyewahi kujitolea Dodoma kupitia JICA, shirika la maendeleo la Japani, na Kiswahili chake hakijafifia. Alinipokea uwanja wa ndege wa Narita, kilomita kama 60 nje ya jiji, akaniamkia "Shikamoo, kaka" mbele ya umati, nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Tukaingia garini. Alipowasha, yule mwanamke wangu wa Dar akazungumza. Maneno yale yale, upole ule ule.

"Mwalimu, huyu anasema nini?"

"Anasema kadi ya ETC haijaingizwa." Akatoa kadi kwenye pochi, akaichomeka, tukaondoka.

ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi bila kusimama langoni. Kifaa chake hufungwa ndani ya gari, na gari likiuzwa nje, nacho husafiri hadi kwetu, ambako hakuna kadi yake wala lango la kuisoma. Miaka sita mama wa watu ananionya, mimi namwitikia salamu.

Ningekuwa na akili ningeanza kujihadhari pale pale. Badala yake nilicheka mpaka tukaingia jijini, na kesho yake nikaanza kutafsiri Tokyo kwa kichwa changu mwenyewe.

Siku ya tatu, kwenye mgahawa, niliona msichana akiweka simu na mkoba wake mezani ili kushika nafasi, kisha akaenda kupanga foleni ya kahawa akiwa ameupa mkoba mgongo. Hakugeuka hata mara moja. Nikahitimisha: huku hakuna wezi. Jioni nilipomweleza Mwalimu, akasema baiskeli yake imeshaibwa mara mbili, na mwavuli mbele ya duka hadi ameacha kuhesabu. Nilimsikia, lakini sikutaka kusikia. Mgeni akishapata jambo tamu la kwenda kusimulia nyumbani, hapendi kuharibiwa.

Halafu kuna habari ya mabegi ya mgongoni. Treni ikijaa, Wajapani huyavaa kifuani. Mimi nimekulia kwenye daladala. Begi kifuani Kariakoo au Mwenge maana yake ni moja tu, chunga zipu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nililivaa langu kifuani, nikijiona mjanja mwenye siri moja na jiji zima. Siku ya tano Mwalimu akanirekebisha: hawaogopi vibaka, wanachelea kumgonga aliye nyuma yao. Ni adabu, kama kukunja miguu msikitini ili mwenzako apite. Kingine wanachofanya, akasema, ni kuliweka begi kwenye rafu ya mizigo iliyo juu ya viti.

Nadhani sehemu hii ya pili ndiyo iliyonipendeza, kwa kuwa ilikubaliana na nilichokwisha kuamua, kwamba huku hakuna wezi.

Ijumaa nilikwenda peke yangu Ueno, kwenye soko la Ameyoko lililojibana chini ya reli, ambako wauza samaki hupiga kelele na bei hushuka ukisimama kidogo. Ndipo mahali pekee Tokyo nilipojisikia nyumbani. Nilitoka na mifuko mitatu: viatu vya mtoto, chai, na kamba wakavu ambao hadi leo sijui nilikuwa na haja nao gani. Nikapanda treni ya Yamanote, ile ya mzunguko: vituo 30, kilomita 34.5, saa moja hivi kulizunguka jiji na kurudi ulipoanzia. Mikono imejaa. Treni kimya kama chumba cha mtihani. Nikalitua begi rafuni, taratibu, kama mwenyeji. Ndani yake mlikuwa na pasipoti. Sheria ya Japani inamtaka mgeni wa muda mfupi atembee na pasipoti yake kila aendako, nami sheria hiyo niliifuata kikamilifu mpaka pale.

Shinjuku milango ilipofunguliwa, behewa zima likamwagika nami nikamwagika nalo. Kabla ya korona stesheni hiyo ilikuwa ikipitisha watu zaidi ya milioni 3 kwa siku, na njia zake za kutokea ni zaidi ya 200. Nilitafuta ya kwangu kwa dakika ishirini, nikipanda ngazi na kushuka, hadi nilipohisi mgongo mwepesi.

Uliwahi kuusikia moyo ukishuka hatua kwa hatua kama mtu anayeteremka ngazi gizani? Begi langu lilikuwa linazunguka Tokyo bila mimi.

Mfanyakazi wa stesheni niliyemkuta jukwaani hakushangaa wala hakunipa pole. Aliniuliza mambo matatu, akiyaandika kwenye simu yake ya kutafsiri: treni ya saa ngapi na dakika ngapi, behewa la ngapi, mlango wa ngapi. Treni zile hupishana kwa dakika chache, na kila moja ina mabehewa 11. Sikujua hata moja. Akanielekeza kwa mkono wazi, chini, kwenye sakafu ya jukwaa. Miguuni pangu palikuwa na alama: namba ya behewa, namba ya mlango. Zilikuwepo Ueno, zilikuwepo kila kituo nilichokanyaga siku zile zote. Nilidhani ni pambo la kupanga foleni.

Baadaye Mwalimu alikuja kunichukua, tukaenda koban, kibanda cha polisi cha mtaani. Askari kijana aliandika ripoti kwa nusu saa. Begi rangi gani? Zipu ngapi? Ndani mna nini? Nikataja pasipoti, fedha, chaja, na korosho za Mtwara nilizomletea Mwalimu nikasahau kumpa. Akauliza korosho kiasi gani. Nikasema robo kilo. Akaandika robo kilo. Kisha akaomba pasipoti yangu kwa ajili ya fomu, tukatazamana, naye akainamisha kichwa akaendelea kuandika.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Begi limepatikana. Abiria mmoja alilitoa treni ilipofika upande wa pili wa jiji, akaliwasilisha koban, na kutoka hapo likapelekwa kituo kikubwa cha polisi na kufungiwa. Nilimshukuru Mungu, nikavaa viatu.

"Bado, kaka," Mwalimu akasema. "Dirisha la mali zilizookotwa hufunguliwa siku za kazi. Jumatatu, saa mbili na nusu."

Ndege yangu ilikuwa Jumapili usiku.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Kwetu tukisimulia uaminifu wa Wajapani tunausimulia kama tabia ya malaika: wamezaliwa nao, sisi tumenyimwa. Lakini nilichokiona Tokyo ni kazi inayofanywa na watu waliochoka mwisho wa siku. Mwaka 2023 polisi wa Tokyo walipokea vitu vilivyookotwa zaidi ya milioni 4, kuanzia noti hadi miavuli ambayo wenyewe hawaendi kuidai. Aokotaye ana haki kisheria ya kudai zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani, na fedha zisipodaiwa kwa miezi mitatu anaweza kupewa yeye. Kuna fomu, kuna karani, kuna sefu. Na kwa kuwa ni kazi, ina saa za kufungua na kufunga. Yule msichana wa mgahawani aliyeacha mkoba mezani anaijua njia yote hiyo kama anavyoijua njia ya kwao. Mimi niliiga mwisho wa jambo bila kujua mwanzo wake.

Jumapili usiku ndege iliondoka. Tiketi yangu ilikuwa ya bei ya chini, isiyobadilishwa. Mwalimu alinikopesha nauli ya tiketi nyingine, na sijui nilitazama wapi nilipokuwa nikipokea.

Jumatatu karani alileta trei ya plastiki na orodha. Alihesabu yen 43,000 mbele yangu, noti kwa noti, akageuza kila moja upande mmoja. Pasipoti. Chaja. Sarafu mbili za shilingi 200, ambazo alizichora umbo kwenye fomu kwa kutojua ziitweje. Risiti ya maegesho ya Posta. Korosho, mfuko haujafunguliwa. Aliyeokota hakudai zawadi wala hakutaka jina lake litajwe. Nikatia sahihi mara mbili.

Nje nikampa Mwalimu korosho zake. Akazifungua pale pale barabarani, jambo ambalo Wajapani hawalifanyi sana, tukala tukisubiri taa.

Deni lake nimemaliza kulipa mwezi wa nne. Kwa wewe unayejiandaa kwenda huko: pasipoti ikae mwilini, siyo begini, na tiketi yako isiwe ya Jumapili usiku. Ukisimama jukwaani kusubiri treni, tazama sakafuni uisome namba ya behewa na ya mlango. Zimeandikwa kwa tarakimu tunazotumia sisi.