Msalaba wa Ukutani na wa Shingoni
Wakristo wengi wa Ulaya hulalamika kuwa imani yao sasa yachukiwa. Lalamiko hilo lahitaji kupambanuliwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa msalaba uliotundikwa katika madarasa ya skuli za serikali za Italia wakiuka haki. Mwaka 2011 ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2013 ikampa haki mfanyakazi wa British Airways aliyezuiwa, mwaka 2006, kuvaa msalaba kazini. Ukuta wa skuli ni wa wote. Shingo ni ya mwenyewe. Kuuondoa msalaba ukutani ni kupunguza upendeleo, na aliyezoea upendeleo huuona usawa kuwa uadui. Kuuvua shingoni ndiyo dhulma. Asiyetenganisha mawili haya, awe muumini au mpinzani, ameshika mizani mbovu.