Msichana Aliyeruka Mara Tatu

Katika nchi ya Ufaransa uko mji uitwao Le Puy-en-Velay, na kando yake jabali moja la volkano limesimama peke yake kama mnara, kwenda juu zaidi ya mita 80. Juu kabisa pana kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli, Malaika Mkuu. Kilijengwa katika karne ya 10, wakati wa askofu Godescalc, yule aliyeshika njia ya kuhiji Compostela, katika Hispania, mwaka 950. Mwenye kutaka kusali humo hupanda vidato 268.

Wenyeji husimulia kwamba hapo kale msichana mmoja alisingiziwa mwenendo mchafu. Hakuwa na wa kumtetea. Akapanda jabalini, akamwomba Mungu, akajitupa. Malaika wakampokea, akasimama chini mzima. Wengine hawakusadiki bado. Akaruka tena, akapona tena. Ndipo wote wakamsifu, na sifa zile zikamlevya kama pombe. Akapanda mara ya tatu, ili watu wamstaajabie tu. Mara hiyo hakupokewa na malaika, akafa chini ya jabali.

Hekaya si Injili, wala Mkristu halazimishwi kuisadiki. Walakini walioisimulia walijua walilosema. Zamani zile, huko Ulaya, mshitakiwa aliweza kushikishwa chuma cha moto au kutoswa majini, kama vile kwingine watu walivyonyweshwa mwavi, na mapadre waliitwa kuvibariki vyombo vya majaribu hayo. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliwakataza. Mungu si shahidi wa kuitwa barazani kila watu wanapomtaka.

Mkatekumeni aliyesingiziwa kijijini mwake ajua uchungu wa msichana yule. Akipita, watu hunyamaza. Akienda zake, huanza kunong'ona. Naye hutamani ishara moja tu kutoka mbinguni, iwafumbe vinywa. Ibilisi alimtaka Bwana Yesu ajitupe kutoka kinara cha Hekalu ili malaika wampokee, na Bwana alikataa. Baadaye, aliposhitakiwa kwa uongo mbele ya Pilato, alinyamaza hata liwali akastaajabu.

Kosa la mara ya tatu kila mtu aliona, hata mtoto. La mara ya pili limefichika zaidi. Msichana alikuwa amekwisha kupewa jibu la Mungu, akaona halitoshi, kwa sababu jirani kadhaa hawakuridhika. Angaliweza kurudi nyumbani siku ile ile, akateka maji, akapika, akalima shamba lake kati ya watu waliomtilia shaka, mwaka kwa mwaka, hata wamjue, au wasimjue.