Kabla Hujachomeka Plagi

Mpiga gitaa mmoja wa Kangemi, kijana mpole anayepiga kanisani Jumapili na blues siku zilizobaki, aliunguza amplifaya aliyoitamani kwa miaka. Jina lake nalihifadhi. Kisa chake nakisimulia kwa sababu hakuna kosa alilofanya ambalo mimi au wewe tusingeweza kulifanya tukiwa na hamu kama yake.

Alikuwa akiitafuta sauti ya mpiga gitaa wa blues Stevie Ray Vaughan: nene, yenye mkwaruzo kidogo, inayolia uzi unapovutwa. Shangazi yake anayeishi Marekani alipokuja likizo akamletea amplifaya ya vali. Usiku ule ule alitaka kuisikia.

Ishara ya kwanza ya hatari ilikuwa plagi yenyewe. Vyuma vyake havikuingia kwenye soketi ya ukutani. Badala ya kujiuliza sababu, akapanda matatu hadi Luthuli Avenue, akanunua adapta ya bei rahisi. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Stima inayopita ndani yake ni ile ile.

Ishara ya pili ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa amplifaya: volti 120. Stima ya Kenya ni volti 240. Kijana aliyasoma maandishi hayo, ila akajituliza kwamba chaja ya simu iliyotoka Marekani inafanya kazi hapa bila shida. Hakuigeuza chaja hiyo aone kwamba imeandikwa 100 hadi 240, yaani imetengenezwa kwa stima za pande zote mbili.

Ishara ya tatu ilitoka kwa mzee anayepiga besi naye kanisani. Alimwambia kwa simu, "Ngoja kwanza, mwanangu. Hiyo inataka transfoma ya kushusha stima." Kijana akaitikia, "Sawa, mzee," kisha akachomeka.

Taa ilimulika mara moja ikazima. Fyuzi ilikuwa imekatika, nayo ndiyo ishara ya nne. Tafadhali tukae hapa kidogo, maana hapa bado angeweza kuiokoa amplifaya. Fyuzi ikikatika haijaharibu kitu. Imejitoa mhanga ili vingine vipone. Lakini kijana aliifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akawasha tena. Amplifaya ikanguruma bila gitaa kuguswa, ikatoa harufu ya plastiki, kisha moshi. Transfoma ya ndani iliungua, na vali zikaenda nayo. Fundi wa River Road aliyeifungua alitikisa kichwa: "Fyuzi ilikuambia, ndugu yangu."

Pedali za gitaa nazo zina mtego wao. Nyingi hutumia volti 9, na chanya yake iko upande wa nje wa kichomeo. Adapta ya kamera za ulinzi, inayouzwa kila duka la vifaa vya stima mjini, ni ya volti 12 na chanya yake iko katikati, lakini huingia kwenye tundu lile lile bila kubisha. Kuingia si kufaa. Soma mchoro mdogo ulio kando ya tundu, na usome ulio kwenye adapta, kabla ya kuviunganisha.

Kuna hatari kubwa kuliko hasara ya kifaa. Adapta nyingi za bei rahisi hazina waya wa ardhi, na sisi tumezoea kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya vyuma viwili iingie. Mei 1972, huko Swansea, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alishika maikrofoni ambayo waya wake wa ardhi haukuwa sawa. Alikufa jukwaani, mbele ya watazamaji. Anayeshika nyuzi za chuma kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine hapaswi kufanya mzaha na waya huo.

La kusikitisha ni kwamba haraka ya kijana yule haikuhitajika. B.B. King, nguli wa blues, kwa miaka mingi alitumia amplifaya ya Lab Series L5, ambayo haina vali hata moja, na sauti yake ilitambulika kwa noti moja. Vaughan naye alifunga nyuzi nene zinazochosha vidole. Sehemu kubwa ya sauti tunayoitafuta imo mikononi, na mikono inaweza kusubiri wiki moja.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa kifaa kutoka ng'ambo, kigeuze usome volti zake. Ikiwa ni 120, nunua transfoma ya kushusha stima yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kifaa, na yenye waya wa ardhi. Fyuzi ikikatika, usiifunge kwa chochote: zima, chomoa, umwite fundi.